Kupima Umetaboli wa Ubongo Wakati wa Upasuaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya watu wa aina mbili: ndugu wanaosubiri kwenye benchi nje ya thieta, na wauguzi na madaktari vijana wanaoanza kazi ya usingizi kwenye upasuaji wa ubongo. Aliye mgeni wa jambo hili aanze juu. Aliyezoea anaweza kuruka hadi sehemu za chini.

## Mambo ya msingi

Umetaboli wa ubongo ni nini hasa?

Ni kazi ya seli za ubongo kuchoma sukari kwa oksijeni ili zipate nguvu. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini peke yake unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ambayo mwili mzima unatumia. Kila gramu 100 za ubongo hupitiwa na damu kama mililita 50 kwa dakika, na katika damu hiyo huchukua oksijeni kiasi cha mililita 3.5 na sukari kama miligramu 5.

Nguvu hiyo nyingi huishia kwenye pampu zilizo kwenye kuta za seli, zile zinazosukuma sodiamu nje na kurudisha potasiamu ndani ili umeme wa ubongo uendelee kupita. Tatizo ni kwamba ubongo hauna ghala. Misuli ina akiba ya sukari, ini nalo lina akiba. Ubongo unaishi kwa kile kinacholetwa sasa hivi. Damu ikikatika kabisa mtu huzimia ndani ya sekunde 10 hivi, na baada ya dakika 4 hadi 5 madhara ya kudumu huanza.

Mgonjwa tayari ana mashine ya presha na ya oksijeni kidoleni. Kipimo kingine cha nini?

Kwa sababu kidole si ubongo. Mashine ya kidoleni inasema damu ya ateri imebeba oksijeni. Haisemi kama damu hiyo imefika kichwani, wala kama seli zimeichukua. Shinikizo ndani ya fuvu linaweza kuwa limepanda, mshipa unaweza kuwa umebanwa na klipu, kichwa kinaweza kuwa kimegeuzwa mno hadi vena za shingo zikajikunja, na kidole kikaendelea kusoma 99. Mgonjwa mwenyewe hawezi kukwambia, amelala.

Vipimo vyote vitakavyoelezwa hapa vinauliza jambo moja: kinacholetwa kinatosha mahitaji? Ndiyo maana namba ya mtiririko wa damu ikiwa peke yake haitoshi. Mililita 25 kwa gramu 100 ni hatari kwa mtu aliye macho, lakini zinaweza kumtosha aliyelala kwa propofoli (dawa ya usingizi) nyingi, kwa kuwa mahitaji yake nayo yameshuka.

Damu ikipungua, nini hutangulia?

Umeme hutangulia kudorora. Mtiririko ukishuka hadi mililita 20 hivi kwa gramu 100 kwa dakika, mawimbi ya EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) yanakuwa ya polepole. Karibu na 15 yanalala kabisa. Ukifika 10, pampu za seli zinashindwa, potasiamu inamwagika nje, kalisi inaingia, seli zinavimba na kufa.

Angalia hiyo nafasi iliyo kati ya 20 na 10. Hapo seli zimenyamaza lakini bado ziko hai, na damu ikirudi mapema zinaamka. Kazi yetu yote ya kupima inafanyika ndani ya nafasi hiyo nyembamba.

Ni upasuaji gani hasa unaohitaji vipimo hivi?

Ule ambao damu ya ubongo itazuiwa kwa makusudi, au tayari iko mashakani: kufunga aneurizimu (ateri iliyotuna kama puto) kwa klipu, kusafisha ateri kubwa ya shingo iliyoziba, kuondoa mafundo ya mishipa, na majeraha makubwa ya kichwa. Uvimbe mdogo ulio juu juu kwa kawaida hauhitaji zaidi ya vipimo vya kila siku.

## Vipimo vyenyewe

Zile stika mbili za kwenye paji la uso zinapima nini?

Zinapima oksijeni ya ubongo kwa mwanga. Mwaka 1977 Frans Jöbsis alionyesha kwamba miali iliyo jirani na mwekundu, ambayo jicho haliioni, hupenya ngozi na mfupa. Stika hutoa mwanga huo, kisha vipokezi viwili huusoma ukirudi. Kipokezi cha karibu kinaona zaidi ngozi na mfupa, cha mbali kinaona zaidi ubongo, na mashine huondoa usomaji wa cha karibu kwenye wa cha mbali.

Usishtuke ukiona 68 wakati kidole kinasoma 99. Stika inasoma damu yote iliyo chini yake, na sehemu kubwa ya damu hiyo ni ya vena, iliyokwisha kutoa oksijeni. Kawaida ni kati ya 60 na 80. Tunachotafuta ni mabadiliko: namba ikishuka kwa asilimia 20 kutoka pale ilipoanzia, au ikienda chini ya 50, simama na utafute sababu.

Udhaifu wake mkubwa kwenye upasuaji wa ubongo ni mahali. Inaona sehemu ya mbele tu, na mara nyingi daktari wa upasuaji anapataka hapohapo. Damu iliyoganda chini ya fuvu, au hewa iliyoingia baada ya fuvu kufunguliwa, huzuia mwanga. Rangi ya kijani inayochomwa kwenye mshipa ili kuonyesha mtiririko wakati wa upasuaji wa aneurizimu nayo huvuruga namba kwa muda. Namba ikipanda ghafla baada ya rangi hiyo, usifurahi.

Ngozi nyeusi inaathiri stika hizo?

Ndiyo, na swali hili linastahili kuulizwa kwa sauti zaidi kwetu kuliko kwingineko. Melanini hunyonya mwanga. Baadhi ya mashine za stika zimeonekana kutoa namba za chini kwa watu wenye ngozi nyeusi. Mashine za kidoleni hukosea upande wa pili: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi mara nyingi zaidi zilisema oksijeni inatosha wakati damu ya ateri ilionyesha haitoshi.

Dawa yake ni kuanza mapema. Bandika stika kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, anapovuta hewa ya kawaida, uandike namba. Mpe oksijeni, uandike tena. Kuanzia hapo unamlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe, si na jedwali lililotengenezwa kwa watu wengine. Na kabla ya kubandika, futa paji la uso vizuri. Mafuta ya kupaka, jasho na poda hufanya ukingo wa stika uinuke, mwanga wa taa kubwa ya thieta ukaingia kwa pembeni, namba ikaanza kuruka. Nywele zilizosukwa hadi mbele au za kuunganisha zisiwe chini ya stika.

Damu inayotolewa kwenye mshipa wa shingo inasema nini?

Inasema ubongo umebakiza nini. Katheta huingizwa kwenye vena ya shingo lakini huelekezwa juu, kinyume na mtiririko, hadi kwenye uvimbe wa vena hiyo chini ya fuvu, ambako damu ya ubongo hukusanyika. Kama damu ya ateri ina oksijeni asilimia 98 na ya shingo ina 65, ubongo umechukua theluthi moja. Kawaida ni 55 hadi 75.

Chini ya 50, ubongo unakwangua chungu: mtiririko hautoshi. Juu ya 75 kuna maana mbili zinazopingana, na hapa vijana wengi huteleza. Huenda damu ni nyingi kupita mahitaji, au huenda seli zimekufa na hazichukui tena. Bila kipimo kingine pembeni huwezi kujua.

Vuta damu polepole, isizidi mililita 2 kwa dakika. Ukivuta kwa pupa unaleta damu ya uso, ambayo haijatoka kwenye ubongo, na namba inapanda kwa uongo. Hata kwa macho utaona: iliyovutwa taratibu ni nyeusi kama juisi ya zambarau, iliyovutwa kwa haraka inang'aa kidogo.

Kumbuka pia kwamba hiki ni kipimo cha ubongo mzima. Eneo dogo linaweza kufa na wastani usitikisike.

Na ile sindano inayoachwa ndani ya ubongo?

Ni elektrodi nyembamba ya kupima oksijeni ndani ya tishu yenyewe, kwa kanuni iliyobuniwa na Leland Clark katika miaka ya 1950. Hupitishwa kwenye tundu dogo la fuvu au huwekwa na daktari wa upasuaji sehemu imefunguliwa. Kawaida ni milimita 20 hadi 35 za zebaki. Wengi huanza kutibu ikishuka chini ya 20. Klipu ya muda inapowekwa kwenye ateri, ikiwa elektrodi iko kwenye eneo la ateri hiyo, utaona namba ikiteremka ndani ya dakika chache, na hapo timu inajua ina muda kiasi gani.

Inapima sehemu ndogo tu inayoizunguka ncha yake. Namba za mwanzo zisiaminiwe, tishu inahitaji muda wa kutulia baada ya kuchomwa. Kwa majeraha ya kichwa, utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2023 haukuonyesha kwamba kuongeza kipimo hiki juu ya kipimo cha shinikizo la fuvu kuliboresha matokeo ya wagonjwa. Kipimo ni kizuri. Kukitumia vizuri ni jambo jingine.

Maikrodayalisisi ni kitu gani?

Hiki ndicho kipimo kinachosogelea umetaboli wenyewe kuliko vyote. Katheta nyembamba yenye utando wa milimita 10 kwenye ncha huwekwa ndani ya ubongo. Pampu ndogo hupitisha maji yenye chumvi kwa mwendo wa maikrolita 0.3 kwa dakika, na vitu vilivyo kati ya seli huvuka utando na kuingia kwenye maji hayo. Saa nzima inakupa maikrolita 18, chini ya tone moja, ndani ya kichupa kidogo kuliko ncha ya kidole cha mwisho. Muuguzi hukibadilisha kila saa na kukiingiza kwenye mashine.

Ndani ya tone hilo mnapimwa sukari, laktati, piruvati, glutamati na gliseroli. Seli huvunja sukari kuwa piruvati. Oksijeni ikiwepo, piruvati huingia kwenye mitokondria, yaani majiko ya seli, na kuchomwa. Ikikosekana, hugeuzwa kuwa laktati. Kwa hiyo tunagawa laktati kwa piruvati. Uwiano ukizidi 25 tunaanza kuangalia, ukizidi 40 ni dharura. Gliseroli ikipanda, kuta za seli zinavunjika.

Uzuri wake ni kwamba unatofautisha njaa na ugonjwa wa jiko. Uwiano umepanda na piruvati imeshuka: hakuna damu, hakuna mafuta wala hewa ya kuchomea. Uwiano umepanda lakini piruvati ipo ya kutosha na oksijeni ya tishu ni nzuri: vyote vimefika, ila mitokondria zimeshindwa kuvitumia. Mgonjwa wa kwanza unamwongezea mtiririko wa damu. Wa pili, kumpandisha presha hakumsaidii.

Kwa thieta kina kasoro moja kubwa: kimechelewa. Kichupa unachosoma sasa kinazungumzia saa iliyopita, na kichupa cha mwanzo hutupwa kwa sababu kuchoma kwenyewe kumesumbua tishu. Ndiyo maana nafasi yake hasa ni chumba cha wagonjwa mahututi, siku zinazofuata upasuaji.

Dopla na EEG zinapima umetaboli?

Kwa njia ya kuzunguka. Dopla, iliyoletwa na Rune Aaslid mwaka 1982, hupima kasi ya damu kupitia mfupa mwembamba wa panja. Kwa baadhi ya watu mfupa huo ni mnene na hakuna kinachosikika. EEG hupima umeme, na umeme ndio unaokula nguvu nyingi, kwa hiyo hushuka pamoja na umetaboli. Mpangilio wa kushuka huko umeelezwa kwenye swali la “Damu ikipungua, nini hutangulia?”

## Namba ikishuka

Tufanye nini kwanza?

Anza na vitu visivyohitaji dawa. Kichwa kimegeuzwa mno? Kamba ya bomba la hewa imekaza shingo? Stika au katheta imehama? Kisha presha, kisha hewa ya ukaa, kisha wingi wa damu, kisha kina cha usingizi. Mwambie daktari wa upasuaji mara moja, usisubiri uhakika. Pengine ni kifaa chake kinachokandamiza ubongo, na akikilegeza kidogo namba inarudi huku unaangalia.

Hewa ya ukaa ina uhusiano gani na ubongo?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kila milimita 1 ya zebaki ya hewa ya ukaa inayopungua kwenye damu ya ateri hupunguza mtiririko wa damu ya ubongo kwa takriban asilimia 2 hadi 4. Kumpumulisha mgonjwa kwa kasi hupunguza hewa hiyo na kufanya ubongo uliovimba usinyae, daktari wa upasuaji anashukuru, kumbe mishipa imejibana na seli zinakosa damu. Utafiti wa mwaka 1991 kwa waliojeruhiwa kichwa ulionyesha kuwa kuwapumulisha kwa kasi kama kinga kuliwaletea baadhi yao matokeo mabaya zaidi. Kaa kati ya 35 na 40. Ukilazimika kushuka, iwe kwa muda mfupi na kwa sababu unayoweza kuitaja.

Presha ipimwe wapi mgonjwa akiwa amekaa?

Usawa wa tundu la sikio. Kila sentimita 10 kichwa kinapokuwa juu ya moyo, presha inayofika kwenye ubongo hupungua kwa milimita 7 au 8 za zebaki. Mgonjwa aliyekaa, wastani wa presha mkononi ukisoma 65 na kichwa kikiwa sentimita 20 juu, ubongo unapata kama 50. Kosa hili halionekani kwenye skrini yoyote.

Sukari iwe kiasi gani?

Milimoli 6 hadi 10 kwa lita ni lengo la busara. Ikizidi, tishu isiyo na oksijeni huigeuza kuwa laktati na asidi. Ikibanwa sana, ubongo unakaa na njaa hata kama damu inaonekana sawa: maikrodayalisisi imeonyesha sukari ya ubongo ikishuka kwa wagonjwa waliobanwa kwa insulini. Utafiti wa NICE-SUGAR wa mwaka 2009, wenye wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000, uliona vifo vingi zaidi kwa waliobanwa hadi 4.5–6.

Kumpoza mgonjwa si kunapunguza mahitaji?

Kunapunguza, kwa asilimia 6 au 7 kwa kila digrii moja. Lakini mwaka 2005 utafiti wa wagonjwa 1,001 wa aneurizimu waliopozwa hadi digrii 33 au kuachwa na joto la kawaida haukuona tofauti. Kilicho hakika ni upande wa pili: usimwache akapata homa.

## Pale vifaa visipokuwepo

Hospitali yetu haina hata kimoja kati ya hivi. Tunawadhuru wagonjwa?

Hapana, mradi vya msingi vinafanywa kwa ukali. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki elektrodi na maikrodayalisisi ni vitu vya kusoma kwenye majarida. Mwaka 2012 utafiti wa Bolivia na Ecuador wa wagonjwa 324 wa majeraha ya kichwa uliwalinganisha waliopimwa shinikizo la fuvu na waliofuatwa kwa CT na uchunguzi wa mara kwa mara. Matokeo hayakutofautiana. Wote walitibiwa kwa utaratibu mkali, na neno hilo “utaratibu” ndilo la kushika.

Ukinunua kitu kimoja tu, nunua mashine ya kupima hewa ya ukaa anayoitoa mgonjwa. Kisha hakikisha vijiti vya sukari havikauki stoo, kipimajoto kipo, na presha inaandikwa kila dakika 5 bila kuruka.

## Hali za pekee

Mgonjwa ana selimundu. Namba zisomwe vipi?

Kwa uangalifu. Damu yake ni nyepesi, kwa hiyo ubongo hujitetea kwa kuongeza mtiririko. Kasi kubwa kwenye dopla ni hali yake ya kila siku, na stika huanza chini. Nje ya thieta dopla ina kazi kubwa kwa watoto hawa: kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde hatari ya kiharusi ni kubwa, na utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kuwaongezea damu mara kwa mara kulipunguza kiharusi kwa zaidi ya asilimia 90.

Tunatumia ketamini. Ni sumu kwa ubongo?

Hofu hiyo ni ya zamani. Kwa wagonjwa wanaopumulishwa vizuri, tafiti za baadaye hazikuonyesha kuwa inapandisha shinikizo la fuvu. Ila huchangamsha EEG, na mashine ya kina cha usingizi huonyesha namba ya juu kwa mtu aliyelala fofofo. Usimwongezee dawa kwa kufuata namba hiyo.

Umetaboli unaweza kuonyesha uvimbe ulipo?

Ndiyo. Mgonjwa hunywa dawa ya 5-ALA saa tatu hivi kabla ya usingizi. Seli za glioma kali (aina ya saratani ya ubongo) hulimbikiza zao lake, na taa ya bluu ikiwashwa kwenye darubini uvimbe unang'aa waridi huku ubongo wenye afya ukibaki wa bluu. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2006 ulionyesha uvimbe ukiondolewa wote kwa asilimia 65 ya wagonjwa, dhidi ya 36 waliofanyiwa kwa taa ya kawaida. Baada ya hapo mgonjwa akae mbali na jua na taa kali siku moja hadi mbili, maana ngozi nayo inaungua kirahisi.

Ndugu tuulize nini kabla mzee wetu hajaingia?

Ulizeni nani atamlaza usingizi na kama atamwona leo. Mwambieni yeye, si mtu wa mapokezi, kuhusu kisukari, presha, selimundu, kiharusi cha zamani hata kile kidogo kilichopita, na dawa zote pamoja na za mitishamba. Mwambieni mzee huwa na presha gani akiwa mzima, kwa maana ubongo uliozoea 160 unaweza kukosa damu kwenye 110. Kama mna daftari la kliniki, leteni lenyewe.